Wiki Aliyonyamaza Spika

Kuku alipotea kati ya "tuombe" na "amina". Hilo halikuwa na ubishi, maana kabla ya "tuombe" waumini wote walimwona. Alikuwa kuku mwekundu mwenye shingo tupu, kafungwa miguu kwa kamba, kalazwa juu ya kabichi mbele ya madhabahu, anawatazama watu kwa jicho moja kama mkaguzi. Mchungaji akaomba. Aliomba kwa kirefu kwa sababu siku hiyo aliwakumbuka wagonjwa mmoja mmoja. Aliposema "amina" na watu wakafumbua macho, kabichi zilikuwepo na kamba ilikuwepo. Kuku hakuwepo.

Mwanamke aliyesimama karibu na zile kabichi alikuwa mnadi wa kanisa. Kila walipotoa sadaka ya vitu, yeye ndiye aliyevinadi baada ya ibada, maana hapakuwa na sauti nyingine kama yake. Siku za kazi aliuza mitumba kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa kanisa kwa nje, na akitangaza bei ya suruali, mtu aliyekuwa bafuni mtaa wa pili alijua kiuno chake ni saizi gani. Watu walimwita Spika. Mume wake alimwita Spika. Hata daftari la wanakwaya, ukurasa wa sauti ya kwanza, lilimwandika Spika.

"Kuku wangu!" akapiga kelele Mweka Hazina wa kanisa. Alikuwa baba mmoja mnene, mwenye upara unaong'aa na mazoea ya kuukuna kila akifikiri. "Kuku niliyemtoa kwa moyo wangu wote! Nani alitoka nje wakati wa maombi?"

Spika alitoka, akarudi kabla ya "amina". Kila mara alitoka kabla ya mnada, kwenda kunywa maji ya uvuguvugu ya kulainisha koo. Tena alitoka na mfuko wake mkubwa wa mitumba, kwa sababu hakuwahi kuuacha popote.

"Mimi sisemi mtu," akasema Mweka Hazina, akimtazama Spika. "Nasema mfuko."

Watu wa benchi la mbele wakarudi nyuma hatua mbili. Walimjua Spika. Mwaka ule ule alikuwa amemjibu dereva wa lori la mchanga aliyemmwagia matope, na yule dereva mpaka leo hupita barabara nyingine. Spika akavuta pumzi, kifua kikajaa, mdomo ukafunguka. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari, na la mbele kabisa lilihusu upara.

Shida ni kwamba mahubiri ya siku hiyo yalikuwa juu ya Bwana Yesu mbele ya Pilato. Walimsingizia hili na lile, naye hakujibu hata neno moja, mpaka Pilato mwenyewe akashangaa. Na Spika, wakati wa mahubiri, alikuwa ameitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Ile amina bado ilikuwa masikioni mwake.

Akafunga mdomo. Meno yaligongana, watu wakasikia.

"Jumapili ijayo saa tisa," Mchungaji akasema kwa upole, "wazee watakaa nyumbani kwa Mweka Hazina. Mama, utakuja kujieleza."

"Asipojieleza," Mweka Hazina akaongeza, "kile kibanda kipo kwenye ardhi ya kanisa. Ardhi ya kanisa haitunzi mwizi."

Spika aliokota mfuko wake akaondoka. Hakuugeuza kuonyesha ndani. Mnada siku hiyo ulifanywa na mwalimu wa shule ya Jumapili, na kabichi zote zikarudi nyumbani kwa waliozileta.

*

"Kwa hiyo ukamwambiaje?" Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele, na habari zilikuwa zimemfikia kabla ya Spika kuvua viatu.

"Sikusema kitu, mama. Na sitasema kitu mpaka Jumapili. Bwana Yesu alinyamaza, na mimi nitanyamaza."

Bibi akaweka ungo chini. "Bwana Yesu hakuwa wewe. Wewe? Unyamaze? Wewe hata usingizini unanadi! Juzi umeuza blanketi tulilojifunika."

Spika akafungua mdomo kujibu. Akakumbuka. Akafunga.

"Mmeona?" Bibi akawageukia mwanawe na mjukuu wake. "Sekunde mbili tu na macho yameshamtoka. Kabla ya chakula atakuwa ameropoka. Nipeni mchele wangu."

Mume wa Spika alikuwa fundi viatu. Alifanya kazi pale barazani na misumari midogo minane midomoni, na kwa miaka kumi na mitano ya ndoa alikuwa amejibu kila kitu kwa "mmh", kwa kuwa mwenye misumari mdomoni hana njia nyingine, na mwenye mke kama Spika hana nafasi nyingine. Sasa alimtazama mke wake, akatoa misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja.

"Umemchukua?" akauliza.

Spika akatikisa kichwa.

"Basi," akasema, na akarudisha misumari mdomoni. Kwa fundi viatu, hiyo ilikuwa hotuba.

Tukisema ukweli, Spika alianza kunyamaza kwa ukaidi. Nusu ilikuwa kwa ajili ya Bwana Yesu na nusu ilikuwa kwa ajili ya mama mkwe. Imani ilikuja baadaye, pale ukaidi ulipoishiwa nguvu.

*

Jumatatu alifungua kibanda kama kawaida. Alipanda juu ya meza, akainua shati la bluu la mikono mirefu, akanyoosha vidole vinne.

Watu wakasubiri.

Akatikisa shati. Akaonyesha kola, akaonyesha kwapa kwamba halijachanika, akaubusu mkono wa shati kuonyesha ni zuri, akanyoosha vidole vinne tena.

"Anaumwa?" akauliza mteja mmoja.

"Koo," mwingine akajibu. "Nilijua tu. Koo la binadamu si la kutumiwa vile."

"Wala si koo. Hamjasikia ya kuku?"

Hapo mambo yakaharibika. Waliosikia waliwaeleza wasiosikia, pale pale mbele yake, kama vile mtu asiyesema ni mtu asiyesikia. Mmoja alisema kama angekuwa hana hatia angejitetea. Mwingine alisema kanyamaza kwa sababu akifungua mdomo manyoya yatatoka. Kijana wa duka la simu, aliyekuwa akinunua kwake soksi kwa kukopa, akapita nyuma ya watu akifanya "ko, ko, ko," na watu wazima, wenye ndevu na watoto wao, wakacheka.

Spika alikuwa ameshika suruali ya jinzi, nzito, yenye mkanda na kifungo cha chuma. Mtu yule hakuwa mbali. Akaipima ile suruali mkononi. Halafu akaikunja taratibu, mguu juu ya mguu, akaiweka chini, akanyoosha vidole sita.

Siku hiyo aliuza shati moja, na mnunuzi aliomba apunguziwe kwa sababu ya kashfa.

Usumbufu mwingine ulikuwa nyumbani. Hakuna aliyejua kabla jinsi nyumba ile ilivyokuwa inaendeshwa kwa mdomo wa Spika. Yeye ndiye aliyekuwa saa, kengele na kalenda. Binti yake alichelewa shule siku mbili mfululizo kwa kuwa hakuna aliyemfokea. Sufuria ya maharage iliungua huku watu watatu wakiinusa, kila mmoja akisubiri Spika aseme inaungua. Bibi, aliyekuwa akilalamika miaka yote kwamba mkwe wake anampigia makelele, Jumanne alikaa mbele yake mchana kutwa akimchokoza.

"Chumvi imezidi," akasema Bibi.

Kimya.

"Dada yako kule kwenu kanenepa mno."

Kimya.

"Yule mwanamke aliyetaka kuolewa na mwanangu kabla yako, alikuwa anapika jamani!"

Mshipa ukamsimama Spika shingoni. Akanyanyuka, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Huko bombani, mbali na watu, alimwambia Mungu moyoni maneno yote aliyoyazuia tangu Jumapili, na mengi hayakuwa ya kanisani. Mungu naye hakumjibu. Spika akasimama pale na ndoo inafurika, akiwaza kwamba huenda na Yeye anavumilia mengi.

*

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba watu walianza kumfuata. Mtu asiyejibu hukaribisha siri. Jumatano mama muuza mkaa alikuja kuchagua sketi akaishia kumweleza habari za mwanawe aliyeacha shule. Mwalimu wa kwaya alikuja kumkemea, na dakika tano baadaye alikuwa amekalia furushi la makoti, anakiri kwamba hajui kusoma noti, huwa anakisia. Spika aliitikia kwa kichwa. Zamani angeshampa ushauri kabla hajamaliza sentensi. Sasa aligundua kwamba watu wakiachwa wamalize, sentensi ya mwisho ndiyo yenye maneno.

Alhamisi, jua likiwa kali na mteja hakuna, akaja mke wa Mweka Hazina.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, wa kutembea pembeni mwa ukuta. Aliingia mpaka nyuma ya nguo zilizotundikwa, akajificha kati ya magauni mawili ya harusi.

"Dada," akanong'ona. "Nasikia huongei."

Spika akatikisa kichwa.

"Hata na mumeo?"

Hata na mumewe.

"Basi nikuambie wewe, maana nikikaa nalo nitapasuka. Yule kuku ninaye mimi. Yuko chini ya kitanda changu, ndani ya boksi la viatu vya mwanangu... boksi kubwa, la mabuti."

Spika akashika nguzo ya kibanda.

"Dada, yule ni wangu! Nimemlea tangu kifaranga. Nimemlisha kwa mkono wangu alipokuwa anaumwa. Mayai yake ndiyo yananinunulia sabuni na daftari za watoto bila kumwomba mtu. Mwenzangu Jumapili kaamka, kaona hana cha kutoa mbele za watu, kamkamata kuku wangu. Hakuniuliza. Nimefika kanisani, namwona pale mbele amefungwa miguu, na yeye anasema, 'kwa moyo wangu wote'. Moyo wake, kuku wangu! Mchungaji alipoanza kuwaombea wagonjwa nikajua ana safari ndefu. Nikaenda mbele kwa magoti kama mwenye mzigo wa kuombewa, nikamfungua, nikamweka chini ya khanga. Akanyamaza, dada. Kuku yule ananijua."

Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Sikujua watakusema wewe. Naapa. Nikisema, yule baba ataniaibisha mbele ya wazee. Nisiposema, wewe unafukuzwa. Nifanyeje?"

Spika alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu kumi na moja, na yote yaliishia na jina lake kusafishwa kabla ya jioni. Alichohitaji ni kusimama juu ya meza na kusema sentensi moja kwa sauti yake ya kawaida. Mji mzima ungesikia.

Alimtazama yule mwanamke. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya mkono wa gauni la watu. Spika akachukua kitambaa kizuri kwenye rundo, cha pamba, chenye maua pembeni, akampa ajifute macho. Hakumdai bei.

*

"Andika basi, mama!" Binti yake alimletea daftari na kalamu Ijumaa jioni. "Kama unajua kitu, kiandike, nitampelekea Mchungaji. Kuandika si kusema."

Spika akaishika kalamu. Aliishika kwa muda mrefu.

"Hebu mwache mama yako," akasema Bibi kutoka kwenye kigoda chake. Kufikia siku hiyo alikuwa amechoka kuchokoza, na, ingawa hakukubali, alikuwa ameanza kumheshimu. "Bwana Yesu mwenyewe aliandika mara moja tu, tena chini, kwenye vumbi. Na hakuna anayejua aliandika nini."

"Aliandika lini, bibi?"

"Walipomletea yule mwanamke wampige mawe. Akainama, akaandika zake, wale wazee wakaondoka mmoja mmoja. Mwanamke akarudi kwao salama." Bibi akapuliza makapi. "Hilo ndilo andiko. Mengine ni uandishi tu."

Spika akarudisha kalamu kwa binti yake.

Mume wake aliona. Akatoa misumari, akavaa shati la kutokea, akaondoka bila kuaga. Alirudi baada ya saa nzima. Alikuwa amekwenda mpaka kwa Mweka Hazina kumtetea mke wake.

"Ulimwambia nini?" mama yake akamuuliza.

Fundi viatu alifikiri. "Nilimwambia viatu vyake vinahitaji soli."

"Baada ya hapo?"

"Akanipa viatu." Akainua mfuko. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Maneno mengine nilikuwa nayo. Yaligoma mlangoni."

Spika alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, kicheko cha mabega tu, bila sauti. Akavipokea vile viatu akaviweka pembeni, na kwa mkono wake akampanguzia mume wake jasho la shingoni.

*

Sebule ya Mweka Hazina ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani na picha tatu za mwenye nyumba. Wazee wanne wa kanisa walikaa wakibanana. Mchungaji alikaa katikati. Spika na mume wake walipewa viti vya plastiki karibu na mlango, na Bibi, ambaye hakualikwa, alikalia kiti cha tatu akasema miguu inamuuma. Mke wa Mweka Hazina alipita na chai. Vikombe viligongana kwenye sinia njia nzima.

Mweka Hazina alieleza. Alieleza mfuko, akaeleza mlango, akaeleza kamba, akaeleza moyo wake wote kwa mara nyingine. Alipofika kwenye kibanda alisema yuko mtu mwingine, mwenye heshima, muuza vyombo, anakihitaji.

"Mama," Mchungaji akasema. "Zamu yako. Tunakusikiliza."

Spika akainua macho. Wiki nzima alikuwa akiingojea saa hii. Mlangoni kuelekea chumbani, mke wa Mweka Hazina alisimama na sinia tupu kifuani, kaishika kama ngao. Alikuwa amefumba macho.

Spika akafungua mdomo. Aliona kibanda chake, meza yake, ukuta wenye joto la jua la asubuhi alipoegemeza mgongo miaka tisa. Bwana, akasema moyoni, mimi nimefika mwisho. Sasa ni wewe.

Akafunga mdomo.

Wakasubiri. Kama kuna kitu watu wale hawakukizoea, ni kukaa na Spika chumba kimoja bila sauti. Mzee mmoja alimeza chai, wote wakamsikia inavyoshuka. Saa ikagonga tiki, tiki. Fundi viatu alijaribu kusema kitu, kikagoma. Kimya kikajaa sebule ile mpaka kwenye kona, kikapita mlangoni, kikaingia chumbani.

Na kutoka chumbani, chini ya kitanda, kuku aliyemaliza kutaga akautangazia ulimwengu.

"Ko! Ko! Ko-ko-ko-koooo!"

"Wa jirani," akasema Mweka Hazina haraka.

"Ko-ko-ko-KOOOO!"

"Jirani yako anaishi chini ya kitanda chako?" akauliza Bibi.

Mweka Hazina aliingia chumbani. Kikasikika kishindo cha boksi, kichwa kikigonga ubao wa kitanda, na manyoya. Alitoka amembeba kuku mwekundu mwenye shingo tupu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na yai, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukua kaburi akakuta jina lake.

"Ni mimi," akasema mkewe. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kimya kilikuwa bado kipo, kikaibeba. "Nimemlea mimi. Ungeniuliza ningekupa. Hukuniuliza."

Wazee wakatazama vikombe vyao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Spika. Sasa ni haki yake. Siku saba za maneno, hajatumia hata moja. Mweka Hazina mwenyewe aliinamisha kichwa, upara mbele, akingoja.

Spika akanyanyuka. Akavuta pumzi ndefu. Mume wake akashika kiti kwa mikono miwili. Akamwendea Mweka Hazina, akalichukua lile yai kiganjani mwake, akaliinua juu.

"YAI!"

Vijiko viliruka kwenye visosi.

"Yai moja, la leo, bado la moto! Limetoka kwa kuku halali wa mama mwenye nyumba hii! Kuku haendi kokote, kuku ni wake, ameshataga mbele ya mashahidi! Linalonadiwa ni yai! Faida yote kwa kazi ya Bwana! Nani ananianzishia? Nani?"

Mikono yote ilishuka magotini. Wote walijua sheria ya mnada wa Spika, kwamba mkono ukipita usawa wa sikio, umenunua. Mchungaji aliikalia mikono yake.

Mweka Hazina alimtazama mkewe, akamtazama kuku, akamtazama Spika. Alikuwa na mengi ya kufikiri. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukaanza kukuna upara.

"Limekwenda! Limekwenda kwa Mweka Hazina!"

"Kwa... kwa bei gani?" akauliza.

"Bei ya kuku," akasema Spika.

Mzee mmoja alikohoa chai. Mweka Hazina akatoa pochi yake, akalipa bila neno, na alipomaliza akamkabidhi kuku kwa mkewe, kwa mikono miwili. Kisha akasimama mbele ya Spika. "Mama," akasema, "nilikusingizia. Kibanda ni chako." Alitaka kuongeza kitu, akaona bora anyamaze.

"Ningejua ataanza na yai," Bibi akamnong'oneza mwanawe, "ningekuja na kikapu."

"Mmh," akasema fundi viatu, ingawa mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja.

"Tufunge kikao," akasema Mchungaji. "Tuombe."

Vichwa vikainama. Lakini safari hii kila mtu aliacha jicho moja wazi, kwa ajili ya kuku. Spika peke yake ndiye aliyefumba yote mawili, na sala ilipokwisha, "amina" yake ilikuwa ya taratibu kiasi kwamba binti yake, aliyewafuata na kuchungulia dirishani kutoka nje, aliiona midomo tu.